Kikapu cha Mwisho

Hapo zamani, wakati Ziwa Tanganyika lilikuwa halijasikia mlio wa injini hata mmoja, palikuwa na kijiji upande wa magharibi, pale milima inaposhuka mpaka ikatia miguu majini. Watu wake walikuwa na samaki, walikuwa na michikichi, walikuwa na mashamba ya mteremkoni ambayo ukiteleza ndani yake unaishia kwenye mawimbi. Kitu kimoja hawakuwa nacho. Majembe.

Sisemi yalikuwa yamepungua. Yalikuwa yamekwisha. Chuma kilikuwa kimelika mpaka kimebaki kipande cha kukwangulia chungu, na waliochonga majembe ya mti walipiga ardhi, ardhi ikawarudishia mikono. Wahunzi walikaa ncha ya kusini ya ziwa. Ukiondoka mwezi ukiwa mchanga, unarudi mwezi mwingine umeshazeeka, tena hapo umebahatika. Na mvua hazikuwa mbali. Bila majembe hakuna shamba, bila shamba hakuna muhogo, bila muhogo mnajua wenyewe, sina haja ya kuwachorea.

Basi wakakubaliana mtumbwi uende.

Wanaume wakaugeuza mtumbwi, gogo moja la mvule, wakaziba nyufa kwa nyuzi za mgomba na utomvu wa mti. Wakachonga makasia ya akiba na kata za kukumbia maji. Wanawake wakabanika migebuka, samaki wa ziwa lile, mpaka ikawa migumu kama kuni, wakaanika dagaa juu ya mawe, wakakaanga karanga, wakajaza mawese vibuyuni, mengine ya kula, mengine ya kubadilishana na wahunzi. Mtu mmoja, Asukulu, akapewa upishi wa safari na chungu cha moto, chungu chenye makaa yaliyofukiwa kwa majivu, maana moto ukizimika ufukweni pasipo watu mnatafuna unga mkavu kama kuku.

Hayo yote ni kitoweo. Safari ni unga. Na unga wa kijiji kile ulikuwa wa muhogo mchungu.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu apande muhogo mchungu wakati mtamu upo. Kwa sababu nyani hauli mchungu, na nguruwe hauli mchungu, na mwizi hauchimbi usiku akautafuna. Mchungu unalindwa na uchungu wake. Lakini una sharti. Unaumenya, unauvundika kwenye dimbwi la maji yaliyotulia, na unauacha humo mpaka ukitia kidole kinazama chenyewe. Hapo wanawake husema, "Umekubali." Ukishakubali unaukamua, unauanika, unautwanga, unakula na wanao. Usipokubali, ukaula hivyo hivyo, unakuua. Hakuna la katikati.

Sasa shikeni na desturi, maana hadithi yote imening'inia hapo. Kijijini pale, akiba ya safari ilikuwa na mwanamke wake. Vikapu vyote vya unga vilipita mikononi mwake, akavifunga yeye. Na sheria yake ilikuwa maneno mawili: akiba ya safari haionjwi, haisemwi. Anayebaki pwani akionja chakula cha anayeondoka, ameula urejeo wake. Anayebaki akikisema vibaya, ameitia safari mdomo mbaya. Ukisema unga wa safari una wadudu, mtumbwi utapata wadudu. Ndivyo walivyoamini, na mitumbwi yao ilikuwa inarudi.

Mwanamke wa akiba mwaka ule aliitwa Bi Sangani. Mzee, mgongo umepinda, lakini ulimi umenyooka. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Mmunga, mpiga kasia wa mbele, bonge la mtu. Mmunga alikuwa na mke aliyeitwa Echa na mtoto mchanga ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Siku za maandalizi Mmunga alipita penye samaki akajinyakulia mmoja. Wanawake wakamdaka.

"Mmunga akipanda," akasema mmoja, "mtumbwi unakunywa maji."

"Mimi nikipanda mtumbwi unakwenda," akajibu mdomo umejaa. "Mkipanda nyinyi unaongea."

"Weka samaki huyo, ni wa safari."

"Na mimi ni wa safari. Nimemchukua njiani tu."

Wakacheka. Hata Bi Sangani alicheka, na yeye kucheka kulimgharimu.

Kuvundika muhogo ilikuwa kazi ya Nabintu. Hakuna aliyemshinda. Alilijua dimbwi lake kama mtu anavyomjua mume mkorofi: siku ya joto huenda upesi, siku ya baridi husuasua, na usimkaripie. Mwaka ule kulikuwa na baridi. Mlima ulikuwa unashusha ukungu kila asubuhi, na muhogo ulikaa majini umenuna.

Mkuu wa mtumbwi alikuwa Wilonja. Mtu mzuri wa majini, mbovu wa kusubiri. Alikuwa anatazama juu ya mlima, mawingu yameanza kukaa pale, na anatazama mtumbwi wake umekauka tayari ufukweni. Siku moja akapanda mpaka dimbwini. Hakushuka hata bondeni, alisimama ukingoni juu na upepo unampiga, akaita.

"Dada Nabintu, muhogo vipi?"

Nabintu alikuwa na maji mpaka magotini. Alibonyeza mmoja, kidole kikazama. Akabonyeza wa pili, kikazama. Akabonyeza wa tatu, kikagonga kama kimegonga mfupa.

"Utakubali," akajibu.

"Unasema?"

"Nasema utakubali. Ukikaa juani utakubali."

Wilonja akainua mkono. "Vizuri. Utoeni leo."

Akageuka akaenda zake. Alisikia "umekubali". Au alisikia alichokuja kukisikia. Nabintu alimwona akishuka, angeweza kumkimbilia, angeweza kumwita. Alisimama na maji yake magotini. Halafu akautoa muhogo, kama alivyoambiwa.

Hapo mimi damu huwa inanipanda. Silabi moja, jamani. "Ta" na "me". Mtu mmoja hakuuliza mara ya pili, mwingine hakujibu mara ya pili, na wote wawili walikuwa na midomo mizima.

Nabintu hakuwa mtu mbaya. Aliuchambua muhogo. Uliolainika akauweka upande wake, mwingi tu, vikapu vingi. Uliokuwa mgumu kiini akaukatakata, akauanika peke yake, akaomba jua. Jua lilikuja, jua la ukungu. Ulipokauka akaupeleka kutwangwa, na unga wake ukatosha kikapu kimoja. Kikapu hicho akakiwekea kamba ya mgomba, ya Bi Sangani kukifungia, vingine vikiwa na kamba ya mkonge. Akamtafuta Asukulu, mpishi, aliyekuwa anapepeta majivu yake.

"Hiki chenye kamba ya mgomba kiwe cha mwisho."

"Kwa nini?"

"Cha mwisho ni cha mwisho, Asukulu. Pengine hamtakifikia."

"Kina nini?"

Nabintu akatazama huku na huku. Akiba ya safari haisemwi. "Kina unga," akasema.

Asukulu akakipokea, akakisogeza nyuma ya vingine. Hakuuliza tena. Na yeye aliijua desturi.

Turudi nyuma kidogo, penye kinu, kabla kikapu hakijafungwa. Aliyetwanga unga ule ni Echa, mke wa Mmunga. Alitwanga kutwa nzima, mtoto mgongoni, vumbi la unga limempaka uso. Akalamba midomo, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye kiu. Akaacha kutwanga. Akalamba tena. Uchungu ukamshika nyuma ya ulimi. Si ule wa kawaida unaopita, ulikuwa wa kukaa.

Akachovya kidole kinuni ili apate hakika. Kabla hakijafika mdomoni kofi likatua juu ya mkono wake.

Alikuwa Bi Sangani. "Unaonja nini, mkamwana?"

"Mama, huu unga..."

"Huu unga nini?"

Echa akashusha kidole.

"Mume wako ndiye anayekaa mbele ya mtumbwi," akasema Bi Sangani, polepole, kama mtu anayepanga mawe. "Ukiula unga wake, umemla yeye. Ukiusema unga wake, umemsema yeye. Haya, niambie, huu unga nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Sukutua."

Akamletea maji kwa mkono wake, akasimama kumwangalia anavyosukutua na kutema, anasukutua na kutema, mpaka uchungu ukaisha mdomoni. Kisha Echa akarudi kwenye mchi.

Wakapakia. Bi Sangani akavifunga vikapu vya kamba ya mkonge na kile cha kamba ya mgomba, vyote kwa mikono yake, akapiga kila kimoja kwa kiganja, akasema, "Nenda, urudi." Mtumbwi ukasukumwa. Mmunga akapiga kasia la kwanza, na wanawake hawakulia, maana kulia nako ni kusema.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Ziwa lilikuwa limelala. Walikula vikapu vya unga mzuri kwa migebuka na mawese, Mmunga akila cha mtu na nusu na kupiga kasia la watu wawili. Wakafika kwa wahunzi. Huko ndiko walikokawia, kwa kuwa si wao peke yao waliotaka majembe, na mhunzi hakimbizwi. Walipomaliza kufuliwa majembe walikuwa wamemaliza samaki. Wakageuza mtumbwi, mzito kwa chuma, kingo zake karibu zinabusu maji.

Upepo ukawakuta njiani.

Uliwasukuma mpaka kwenye ufuko mdogo wa mawe, nyuma yake jabali, mbele yake mawimbi. Hakuna kijiji, hakuna njia ya kupanda. Kuvua haiwezekani, ziwa limechafuka. Wakakaa. Wakala kikapu, wakakimaliza. Wakala kingine, wakakimaliza. Karanga zikaisha, mawese yalikwisha kwa wahunzi. Siku moja hawakula. Siku ya pili hawakula. Siku ya tatu Asukulu, aliyekikalia kikapu cha mwisho kama alivyoambiwa, akafungua kamba ya mgomba.

Akasonga ugali mtupu. Akalamba mwiko, kama mpishi, na mpishi wa majini amehalalishwa kuonja, yeye ni msafiri. Uchungu ukamshika nyuma ya ulimi.

Akautazama ugali. Akawatazama wenzake. Walikuwa wameshanawa. Watu wenye njaa ya siku mbili, macho yao yako kwenye chungu, na mmoja tayari anapuliza vidole kabla hajashika kitu. Asukulu akapakua. Hakusema neno.

Wakaanza kula. Mmoja akakunja uso. "Mchungu kidogo huu."

"Ni ulimi wako, una njaa," akasema Wilonja, naye akimega. "Kuleni. Upepo ukilala tunaondoka."

Asukulu alikaa na sehemu yake mbele yake, hajaigusa. Mmunga alikuwa ameshafuta yake.

"Asukulu, huli?"

"Tumbo langu limejaa upepo."

"Utakufa kwa madaha, ndugu yangu. Leta basi hapa, mimi tumbo langu halijui upepo."

Asukulu akamsogezea. Mmunga akala sehemu ya Asukulu, akalamba na jani la kupakulia.

Kabla jua halijageuka, watu walianza kushika vichwa. Wakatapika. Miguu ikawakataa, wakawa wanatambaa kuelekea majini. Wilonja alilala kifudifudi akihema kama samaki aliyetupwa mchangani. Wote waliugua, na wote, baada ya kutapika sana, walibaki hai. Isipokuwa Mmunga. Mmunga alikuwa amekula ya watu wawili, na hakutapika. Mtu aliyekuwa hatapiki kamwe. Alikaa ameegemea jabali, akalalamikia giza wakati kuna mwanga, akauliza kama wamefika. Asukulu akamwambia wamefika. Basi.

Walimzika juu ya ufuko kwa majembe mapya. Ndiyo ardhi ya kwanza iliyochimbwa na majembe yale.

Upepo ulipolala, hakukuwa na mtu mwenye mikono ila Asukulu. Wengine walikuwa kama nguo zilizoloa. Yeye peke yake ndiye aliyeshika kasia la nyuma, akaukokota mtumbwi ule mzito kando kando ya pwani, mpaka wengine walipoanza kupata nguvu. Bila yeye wangeozea pale juu ya mawe. Hilo nalo liwekeni akilini, msije mkasema nimelificha.

Mtumbwi ukarudi kijijini na majembe yote na mtu mmoja pungufu.

Sasa watu wale walikuwa na desturi ya pili, na hii ndiyo nzito. Mtu akifa kwa kosa la mtu, kifo kile kina mwenyewe. Mwenye kifo huacha nyumba yake, akaingia nyumba ya marehemu. Hulima shamba la marehemu, hulisha watoto wa marehemu, na huitwa jina la marehemu mpaka siku atakapokufa. Jina lake la zamani halitamkwi tena, hata na mama yake. Awe mwanamume, awe mwanamke, ni hivyo hivyo. Na mwenye kifo ni mmoja. Jina haligawanyiki, mtu hawezi kuitwa robo Mmunga. Anayemchagua ni mjane, na akishamchagua humpa jembe mkononi, mbele ya watu.

Echa alikuwa na shamba la mteremkoni ambalo halijaguswa, mtoto mgongoni, na mama mkwe aliyepinda. Mvua ilikuwa imefika juu ya mlima. Asipopata mtu wa kulima mwaka ule, mtoto yule hatauona mwaka wa pili. Hilo kila mtu alilijua.

Wakakusanyika penye mawe ya kuanikia dagaa. Echa akasimama na jembe lililofuliwa kwa ajili ya mume wake, jipya, halijatiwa mpini. Akasema, "Semeni."

Wilonja akaanza. "Mimi ndiye niliyeharakisha. Sikatai. Lakini niliharakisha kwa ajili ya nani? Majembe haya mnayoyashika nyinyi nyote, mngeyapata kwa kusubiri? Nilimuuliza mwenye muhogo, mwenye muhogo akaniambia umekubali. Na unga ule ule niliula. Nililala kwenye mawe yale nikitapika damu. Mtu anayemuua mwenzake hali sumu pamoja naye."

"Sikukuambia umekubali," akasema Nabintu. "Nilikuambia utakubali."

"Juu ya ukingo, na upepo ule, ta na me nitazisikia wapi?"

"Ungeshuka."

"Ungepaza sauti."

"Nilirudia, Wilonja. Ukainua mkono, ukageuza mgongo. Wewe hukuja kuuliza, ulikuja kuchukua." Nabintu akamgeukia Echa. "Mwanangu, mimi niliutenga ule mbaya. Niliupa kamba yake peke yake. Nikamwambia mpishi uwe wa mwisho. Nilitaka ukae mpaka mtumbwi urudi nao, niumwage. Kosa langu ni lipi, kutii au kuchambua?"

"Kutosema," akasema mtu kutoka nyuma.

"Haisemwi," akajibu Nabintu. "Wewe uliye nyuma, uliwahi kuisema?"

Mtu wa nyuma akajificha mgongoni mwa mwenzake.

Asukulu akasogea. Alikuwa amekonda kuliko waliougua. "Mimi nilijua. Nililamba mwiko nikajua. Lakini nisikilizeni. Nilidhani ni uchungu wa kuumwa tumbo, si wa kufa. Nikiwaambia watu wa njaa ya siku mbili wasile, wangeniita mchoyo, wangeniita mchawi, na wangekula. Kuumwaga sikuweza. Kuula sikuweza."

"Kumpa Mmunga uliweza," akasema Wilonja.

"Aliniomba."

"Ungemwambia hapana."

"Ningemwambia hapana kwa nini? Ningesema nini, Wilonja, na wewe umeshasema ni ulimi wa njaa?" Akavuta pumzi. "Na kama ningekula pamoja nanyi, nani angewaleta? Semeni. Mko hapa mnanihukumu kwa sababu sikula."

Watu wakatazama chini. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulichukiza.

Hapo Bi Sangani akasimama, akishika bega la jirani. Alikuwa hajalia tangu mtumbwi urudi. "Mmemaliza? Sasa nyamazeni. Mkono huu ndio uliompiga Echa kofi. Alikuwa anaonja. Angeonja, angesema. Angesema, nisingekifunga kikapu. Nilimsukutuisha mdomo mpaka ukweli ukamtoka, nikautazama unamwagika chini. Nipeni mimi jembe. Nataka kuitwa Mmunga. Angalau nitakuwa nalisikia jina hilo likiitwa."

Kisha Wilonja akasema kwa sauti ya chini, "Mama, jembe hulinyanyui."

"Nitalinyanyua."

"Utalinyanyua mara ngapi? Na nyumba ile tayari ni yako. Ukiitwa Mmunga, Echa amepata nini? Amepoteza mama mkwe, basi."

"Desturi haikusema mwenye kifo awe na nguvu. Ilisema awe na kosa."

"Na wewe ulifuata desturi," akasema Nabintu. "Kama wewe una kosa, basi desturi ndiyo yenye kosa. Nani ataipa desturi jembe?"

Bi Sangani akamtazama. "Usicheze na maneno mbele ya kifo cha mwanangu. Ulishayacheza dimbwini."

Nabintu akarudi nyuma hatua. Lakini alikuwa amechomwa, na mtu aliyechomwa humshika aliye karibu. Akamnyooshea kidole Echa. "Na yeye mwenyewe? Mnamfanya hakimu. Unga ulimgusa midomo. Alijua kabla ya mwiko wa Asukulu, alijua akiwa hapa, pwani, wakati bado kuna la kufanya. Muulizeni yeye alimwambia nani."

Watu wakamgeukia Echa. Mtoto mgongoni akaanza kulia, Echa akamtikisa kidogo, mtoto akatulia.

"Sikumwambia mtu," akasema Echa. "Nilijua. Kofi la mama lilinifanya nijue zaidi. Usiku ule nililala naye, sikio lake lilikuwa hapa, karibu na mdomo wangu. Nilifungua mdomo mara nyingi. Nikafikiri, nikisema, ziwa litamchukua. Nikaufunga. Aliponiuliza nina nini, nikamwambia nimechoka kutwanga."

Mtu mmoja akakohoa. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya dagaa walioanikwa, halafu la pili, na hakuna aliyekimbia kuanua.

Basi nimewaleta hapo, na hapo naacha, kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Echa amesimama na jembe mkononi. Mbele yake yuko Wilonja, mwenye mikono ya kulima, aliyeharakisha kwa ajili ya wote na hakushuka bondeni. Yuko Nabintu, aliyejua silabi yake vizuri na akaiacha ipeperuke. Yuko Asukulu, aliyenyamaza akamlisha mmoja, na kwa kutokula akawaokoa wengine. Yuko Bi Sangani, ambaye hana nguvu za jembe lakini analitaka kuliko wote. Na yuko Echa mwenyewe, anayeweza kulikumbatia jembe lile, akaitwa jina la mume wake, akalima peke yake na mtoto mgongoni mpaka mmoja wao aanguke.

Msinijibu kwa "kama". Kama angeshuka, kama angesema, kama angeonja; mtu ameshazikwa, na "kama" hailimi. Msiniambie pia kwamba wote wana kosa, hilo nimewaambia mimi. Jina ni moja, jembe ni moja, mtoto ana njaa, mvua inanyesha. Aliyekosa zaidi na anayefaa zaidi pengine si mtu mmoja, na Echa analijua hilo kuliko nyinyi.

Je, kuanzia leo, nani aitwe Mmunga?